Kunta Kinte na Tatizo la Kumtafuta Babu

Walimu wenzetu wametuomba mara kadhaa tuseme neno juu ya kitabu cha Alex Haley, Roots, ambacho kwa Kiswahili tungekiita Mizizi. Ombi hilo lina sababu. Wengi wetu huwatuma wanafunzi majumbani wakati wa likizo wakaulize nasaba za jamaa zao, na ili kuwatia hamu huwasimulia kwanza jinsi Mmarekani Mweusi mmoja alivyoyafuata maneno machache aliyoyasikia kwa bibi yake, mpaka akafika katika kijiji kimoja cha Gambia na kumpata babu aliyetekwa miaka mia mbili nyuma. Hadithi hiyo hunoga sana darasani. Sisi nasi tumeisimulia. Leo twataka kuichungua, maana twaona ya kuwa twafundisha kwa mfano ambao, pale panaposifiwa zaidi, ndipo penye kosa.

Kwanza kitabu chenyewe. Haley alizaliwa mwaka 1921, akapata malezi ya utotoni katika mji mdogo wa Henning, jimbo la Tennessee, nyumbani kwa Cynthia, bibi yake mzaa mama. Alitumikia kikosi cha ulinzi wa pwani cha Marekani kwa miaka 20, akajifunzia uandishi humo humo melini, na mwaka 1965 kikatoka kitabu cha maisha ya Malcolm X alichokiandika pamoja na Malcolm mwenyewe. Roots kilitoka mwaka 1976. Januari 1977 hadithi yake ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani kwa jioni nane mfululizo, ikatazamwa na watu wanaokadiriwa kuwa milioni 130, na mwaka huo huo kitabu kikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Hatukijui kitabu kingine cha karne ile kilichowavuta watu wengi namna ile kwenda katika nyumba za nyaraka kuulizia babu zao.

Sehemu tuipendayo kuliko zote imewekwa mwishoni, ambapo mwandishi aiacha hadithi na kusema kwa nafsi yake. Jioni za joto bibi Cynthia na dada zake walikuwa wakikaa barazani wakizungumza habari za wazee wao. Katika habari hizo alikuwamo mtu waliyemwita Mwafrika. Alisema jina lake ni Kintay, wala hakukubali kuitwa Toby kama bwana wake alivyotaka. Alishushwa melini mahali walipopaita Naplis. Gita aliliita ko. Mto uliopita karibu na shamba, huko Virginia, aliuita Kamby Bolongo. Alikuwa amekwenda kukata mti wa kuchongea ngoma alipokamatwa. Alitoroka mara nne, na mara ya nne akakatwa sehemu ya mguu. Alimzaa binti, Kizzy, akamfundisha maneno yake, na Kizzy akamfundisha mwanawe George, naye George wanawe.

Urithi wote wa mtu mzima ulikuwa huo: jina moja, vitu viwili, na kisa cha kukamatwa. Mwalimu wa lugha asiyeshtuka hapa, sijui atashtuka wapi. Kwa muda wa karne nzima na zaidi wanawake waliosema Kiingereza peke yake walihifadhi sauti ambazo maana yake ilikwisha kufa vinywani mwao, kama watoto wetu waimbavyo katika michezo yao maneno ambayo hata nyanya zao hawawezi kuyaeleza. Hawakuyahifadhi kwa kuwa wanayaelewa. Waliyahifadhi kwa kuwa waliambiwa wasiyaache.

Nani angeweza kuanzia hapo akafika popote? Ugumu wake wafaa kuelezwa, kwa sababu wanafunzi wetu hawaujui. Katika hesabu za watu za Marekani za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao, umri, jinsia na rangi, bila ya majina yao wenyewe. Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika wote waliotoka utumwani kwa majina. Anayemtafuta mzee wake hurudi nyuma kwa urahisi mpaka mwaka huo, kisha hugonga ukuta. Upande wa pili wa ukuta mtu aweza kuonekana tu katika mali za mtu mwingine: katika wosia, katika hati ya mauzo, katika orodha ya kodi, baina ya farasi na vitanda. Haley aliwakuta wazee wake, Tom Murray mhunzi na mkewe Irene, katika hesabu ya 1870 ya North Carolina, na aeleza vizuri jinsi alivyotetemeka kuyaona kwa wino majina aliyoyajua kwa sikio. Mpaka hapo twamfuata bila shaka yoyote.

Kwa ajili ya zile sauti alikwenda kumwona Jan Vansina, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Jina hili si geni kwetu. Vansina alijifunza kazi yake huku: alianza na Wakuba wa Kongo mwaka 1953, kisha akakusanya masimulizi Rwanda na Burundi akiwa na taasisi ya utafiti iliyokuwa Astrida, ambako leo ni Huye. Kitabu chake cha mwaka 1961 kiliwafundisha wanahistoria namna ya kuyapima masimulizi ya mdomo: nani amesema, alisikia kwa nani, ana faida gani katika kusema hivyo, na je, ameyapata kwa wazee au kwa mgeni aliyepita jana. Alimwambia Haley ya kuwa sauti zile zafanana na Kimandinka. Bolongo ni mto, Kamby huenda ikawa Gambia, ko huenda ikawa kora, kile chombo cha nyuzi. Ushauri huo ulikuwa mwema. Kwa bahati mbaya Haley aliondoka Wisconsin na maneno, akaiacha kanuni.

Sasa twafika Gambia. Haley alipokutana na wazee mjini Bathurst, ambao tangu 1973 waitwa Banjul, aliwaeleza kisa chote: jina, mto, ngoma, mti. Wazee wakamwonyesha katika ramani vijiji vyenye jina la Kinte, wakaahidi kumtafutia msimulizi. Akarudi Marekani. Baadaye akapata habari kuwa msimulizi amepatikana, na mwaka 1967 akasafiri mpaka Juffure, kando ya mto. Kebba Kanga Fofana, mzee aliyetambulishwa kwake kuwa manju, ambaye Wamandinka humwita jali, akamtolea ukoo wa Kinte kwa muda mrefu, kizazi baada ya kizazi, mpaka akafika kwa Omoro na wanawe wanne. Na ya kuwa mkubwa wao, Kunta, karibu na wakati walipokuja askari wa mfalme, alikwenda kukata mti asionekane tena. Haley akalia. Watu wa kijiji wakamzunguka. Twakiri kwamba tuliposoma mara ya kwanza nasi macho yetu hayakubaki makavu.

Lakini tulipousoma ukurasa ule mara ya pili tuliona ya kuwa mzee yule hakutoa hata jambo moja linaloweza kuhakikishwa ambalo mgeni hakulitanguliza mwenyewe. Jina lilitangulia. Mti ulitangulia. Kilichoongezwa ni majina ya wazazi na ndugu, ambayo hapana hati iwezayo kuyathibitisha, na wale askari wa mfalme, ambao Haley aliwatafuta London akawapata katika mwaka 1767. Kutoka mwaka huo akapata merikebu, Lord Ligonier, iliyotoka mto Gambia mwezi Julai na kufika Annapolis tarehe 29 Septemba 1767. Ilipakia watu 140, wakafika 98. Kutoka merikebu hiyo akapata hati ya Virginia ya Septemba 1768 ambayo ndani yake John Waller amkabidhi William Waller mtumwa aitwaye Toby. Mnyororo wapendeza sana. Pete yake ya kwanza imefungwa kwenye kisa cha mgeni mwenyewe.

Waliokuja kuupima hawakuchelewa. Aprili 1977 mwandishi Mark Ottaway, wa gazeti la Sunday Times la London, alikwenda Gambia, akaandika kwamba Fofana hakuwa manju wa kuzaliwa, na kwamba alikwisha kujua mgeni ataka kusikia nini. Mwaka 1981 Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walichapisha uchunguzi wao wa nyaraka za Virginia. Walimkuta Toby wa akina Waller katika maandishi ya mwaka 1762, yaani miaka mitano kabla ya merikebu ya Haley kutia nanga. Tena jina lake latoweka kabla ya wakati ambao kitabu chasema Kizzy alizaliwa. Twamshangaa Haley kwa hilo zaidi ya jambo la Gambia. Gambia alikuwa mgeni asiyejua lugha. Virginia hati zilikuwa katika Kiingereza, na hati moja tu nyuma ya ile aliyoishika ingemwambia asimame.

Uchunguzi uliotugusa zaidi ni wa Donald Wright, wa mwaka huo huo 1981. Yeye alifanya kazi Gambia miaka ya sabini akawauliza wazee wengi. Aliona ya kuwa hawakuweza kutoa habari za undani juu ya watu wa kawaida walioishi kabla ya katikati ya karne ya 19. Walakini kila mmoja alikuwa na habari za Kunta Kinte. Kisa cha Haley kilikuwa kimekwisha kuenea, kikawa mali ya masimulizi ya nchi. Leo atakayekwenda kuuliza atajibiwa kwa uhakika, na kwa moyo safi, kile kilicholetwa na ndege. Hata kisiwa kilichokuwa na ngome ya Waingereza karibu na Juffure, James Island, tangu mwaka 2011 chaitwa Kunta Kinteh.

Twajua kuna watetezi. Wasema ya kuwa kitabu ni hadithi. Mwandishi mwenyewe alikiri kwamba amechanganya kweli na ubunifu. Kunta asimama badala ya mamilioni. Tungekubali upesi kama mwandishi asingeandika zile kurasa za mwisho, ambamo atutaka tuamini kwa hati na tarehe. Mtunzi wa riwaya hahitaji jina la merikebu. Tena tukikipima kama hadithi tu, bado twaona udhaifu pale pale. Juffure ya kitabu ni bustani isiyomjua mzungu. Juffure ya kweli ilikuwa jirani wa ngome ya Waingereza kisiwani na wa kituo cha Wafaransa cha Albreda, na kijana wa umri wa Kunta asingeweza kukua pale bila kuona biashara ikipita mbele ya macho yake, na watu wa kwao wakiwamo ndani yake. Kitabu kinapofika kwa George mfuga majogoo wa kupiganisha ndipo watu waanza kuwa na vivuli: George ajipendekeza kwa bwana, ajidanganya, apenda anasa, na bado twamtaka. Kunta hana kivuli kwa kuwa alitafutwa ili asiwe nacho. Juu ya shauri la Harold Courlander, ambaye riwaya yake The African ya mwaka 1967 ilionekana kuwa imeingizwa humo kwa vipande, hatutasema mengi. Mwaka 1978 Haley alikiri na kulipa dola 650,000.

Hapa wasomaji wa Kiswahili wanacho kitu cha kulinganisha, nacho kimo makabatini mwetu. Katika Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kile alichokichapisha upya Whiteley pamoja na tafsiri, kuna mahali ambapo msimulizi afika kwa mtemi mzee wa Utetela, miaka ya mwanzo ya 1870. Njiani amekwisha kusikia ya kuwa zamani mabinti wa ukoo wa mtemi walichukuliwa vitani wasirudi. Basi anapofika ajitambulisha kuwa ni mjukuu: babu yake mzaa mama alimpata mwanamke aliyetoka huko. Mzee afurahi, kizazi kilichopotea kimerudi, amwachia utawala. Tippu Tip asimulia hayo bila kuficha alikoipata habari, na msomaji aweza kucheka, ingawa waliotawaliwa hawakuwa na la kuchekea.

Hatumlinganishi Haley na mfanyabiashara wa watumwa kwa nia; nia zao ni mbali kama mashariki na magharibi. Twalinganisha mazungumzo. Katika Utetela na katika Juffure mgeni alikuja na pengo lililokwisha kupimwa, na mwenyeji akawa na kitu cha ukubwa ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja alijua afanyalo.

Tena kuna hesabu ambayo walimu wa Kiswahili twapaswa kuifanya. Lugha yetu yahesabu vizuri kwenda chini: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Kwa safu hiyo Kizzy ni mtoto wa yule Mwafrika, George mjukuu, Tom kitukuu, Cynthia kilembwe, Bertha kilembwekeza. Na Alex mwenyewe, mwana wa Bertha, amepita mwisho wa maneno, tusipotaka kubishana juu ya kinying'inya ambaye walimu hatupatani mahali pake. Kwenda juu twasema babu, kisha babu wa babu, kisha wahenga. Labda ni kwa sababu ukitazama chini waona matawi yako, lakini ukitazama juu wazee waongezeka maradufu kwa kila hatua. Katika ngazi aliyosimama Mwafrika, Haley alikuwa na wazee 64. Alimtafuta mmoja. Katika njia ya kumfikia alimpita Tom Lea, bwana aliyemnunua Kizzy na kumzaa George kwa kumlazimisha. Huyo hakuwa na haja ya manju, lakini katika safari nzima ya mwandishi hatuoni mlango wake ukibishwa. Hatumlaumu, nani angependa kwenda kupiga hodi huko? Lakini twaona ya kuwa babu asiyeonekana na babu asiyetakiwa ni vitu viwili, nasi twavichanganya.

Twavichanganya sisi wenyewe. Katika Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, familia nyingi husema ni Wamanyema. Jina hilo lilifika na misafara ya karne ya 19, kupitia Ujiji na ziwa, nalo lilifunika watu wa namna nyingi wa mashariki ya Kongo: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengine, wapagazi, askari wa bunduki, wanawake walionunuliwa, watoto waliokotwa njiani. Anayejiita Mmanyema amesema kweli, na papo hapo ameifunga milango kadhaa. Wengine huivuka Kongo yote wakatafuta babu Maskati au Shirazi.

Wakati mmoja tulimtuma mwanafunzi kwa mzee wa ukoo wake akiwa na karatasi ya maswali. Alirudi na babu Mwarabu. Tulipomwomba asome maswali yake yalikuwa hivi: "Shikamoo babu. Si kweli kwamba mzee wetu wa kwanza alitoka Arabuni?" Naye mzee, kwa adabu, alimjibu: "Marahaba, mjukuu wangu. Ndivyo wasemavyo." Tulimpa alama nzuri, kwa kuwa mchoro wa ukoo ulikuwa safi, na mwaka ule tulikuwa tumetoka kuwasimulia habari za Kunta Kinte.

Likizo iliyofuata alikwenda dada yake, kwa mzee yule yule. Tulimkataza kutaja jina lolote la mtu, la kabila wala la nchi kabla mzee hajalitaja. Alimuuliza nani alimlea alipokuwa mdogo, alilala wapi, aliimbiwa nini. Mzee alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akaanza kumsema bibi aliyemlea, mwanamke ambaye mchoro wa kwanza haukuwa naye kabisa. Bibi huyo hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Alifika akiwa mtoto, pamoja na watu wasio wazazi wake. Alisema Kiswahili kama watu wengine, ila alipowatuliza watoto usiku alitumia maneno mawili ambayo mzee hakujua ni ya lugha gani, wala hakupata kumuuliza.

Mchoro wa binti huyo hautazamiki. Nusu ya karatasi ni tupu, na upande wa Mwarabu ameuwekea alama ya kuuliza, jambo lililoleta maneno nyumbani kwao. Yale maneno mawili ameyaandika pembeni kwa herufi kubwa kama mzee alivyoyatamka. Amekwisha kuyapeleka sokoni kwa wanawake wanaoleta samaki na mawese kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira na Fizi, akiwaomba wayasikilize tu, bila kuwaambia ayatafutia nini. Mpaka sasa hakuna aliyeyatambua. Atakwenda tena Jumamosi.